Unamuuguza mtu wako na nguvu zinakuishia: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Nilimuuguza mama yangu miaka sita, tangu kiharusi kilipompooza upande wa kulia hadi alipofariki. Wakati ule nilidhani maswali niliyokuwa nayo ni yangu peke yangu. Siku hizi watu wanaouguza huniuliza yale yale, na karibu kila mmoja huanza kwa sauti ya chini: "Labda ni mimi tu, lakini..." Nimeyaweka hapa jinsi yanavyoulizwa. Mimi si daktari. Penye dawa na dozi, muulize anayemtibu mgonjwa wako. Hapa tunazungumza habari zako wewe unayemshika.

Mimi ni binti yake tu. Haya ya "mlezi wa mgonjwa" yananihusu?

Yanakuhusu. Kama wewe ndiye unayejua kidonge kipi kinamezwa kabla ya chakula, wewe ndiye unayeamka akikohoa, na wewe ndiye wengine wanayempigia simu kuuliza "anaendeleaje", basi unauguza, iwe mnalala chumba kimoja au unamfikia asubuhi na jioni. Nalisema hili mapema kwa sababu mtu asiyejihesabu kuwa yuko kazini haombi likizo. Anasubiri aanguke.

Uchovu wa kawaida na kuishiwa kabisa vinatofautianaje?

Uchovu wa kawaida ukilala unaisha. Huu mwingine unaamka nao. Unaanza kusahau vitu vidogo: dawa ya jioni nimempa, au nilikuwa nimeishika tu mkononi? Rafiki akipiga simu unaitazama hadi inyamaze. Kila kitu unakifanya, unamwogesha, unamlisha, unambadilisha, lakini kama mtu anayepanga matofali. Na mwili nao unadai chake: kichwa, tumbo, mafua yasiyokwisha.

Wataalamu wana kipimo chake. Steven Zarit na wenzake wa Marekani walikitunga mwaka 1980, na toleo linalotumika sana lina maswali 22, kila jibu likipewa alama kuanzia 0 hadi 4. Huulizwi mafumbo. Unaulizwa kama unaona huna muda wako mwenyewe, kama unaona haya kwa tabia za mgonjwa, kama unahisi afya yako imeharibika tangu uanze kumtunza. Muuguzi au mshauri anaweza kukupa ukijaze. Mimi huwauliza watu jambo moja tu: mara ya mwisho ulikula ukiwa umeketi, bila kutega sikio chumba cha pili, ilikuwa lini? Wengi hunyamaza kwanza. Wengine hulia.

Kweli kuuguza kunaweza kunidhuru mwili, au ni maneno ya watu?

Kunaweza, ila si kwa kila mtu, na hapo ndipo penye habari njema. Mwaka 1999 watafiti Richard Schulz na Scott Beach walichapisha matokeo ya kuwafuatilia wazee wa Marekani waliokuwa wakiwatunza wake au waume zao. Baada ya miaka minne, waliokuwa wakiuguza huku wakihisi kuelemewa walikuwa na hatari ya kufa kubwa kwa asilimia 63 kuliko wenzao wasiouguza. Waliokuwa wakiuguza bila kuelemewa hawakuonyesha ongezeko hilo. Kwa hiyo angalia vizuri adui yako ni nani. Mama yako si adui, wala kumlisha. Adui ni kufanya hayo yote peke yako, kila siku, bila wa kukupokea.

Jaribio jingine, la mwaka 1995, huwa silisahau. Janice Kiecolt-Glaser na wenzake walichukua wanawake 13 waliokuwa wakiuguza ndugu wenye ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu, na wengine 13 wasiouguza, wakawatia kila mmoja kidonda kidogo cha milimita chache mkononi, kisha wakahesabu siku. Vidonda vya waliokuwa wakiuguza vilichelewa kupona kwa siku 9. Mimi nilikuwa na jeraha la kisu kidoleni lililokaa wiki nyingi, nikidhani ni kwa sababu ya maji ya kufulia.

Nimemfokea. Nilifikia hata kuinua mkono. Mimi ni mtu wa namna gani?

Mtu aliyechoka, na aliyefika mahali pa hatari. Vyote viwili ni kweli, na sitaki kukupoza kwa kimoja nikaficha kingine.

Hasira karibu haikosekani katika kazi hii. Mtu anakuuliza "tunaenda lini?" mara kumi na tano ndani ya saa moja. Anatema chakula ulichohangaika kukipika. Anajisaidia dakika mbili baada ya kumbadilisha shuka. Akili yako inajua hafanyi makusudi, lakini mwili haungoji akili imalize maelezo.

Ikija, fanya hivi. Weka chini ulichoshika. Hakikisha yuko salama: amelala vizuri au ameketi pasipo pa kuangukia, hana moto wala maji ya moto karibu. Kisha toka. Funga mlango, simama nje dakika tano, pumua taratibu, nawa uso. Atalia au ataita, na dakika tano za kuita hazimuui. Kurudi ukiwa umetulia ni bora kuliko kubaki hapo ukijilazimisha uvumilivu ambao umeshaisha.

Baadaye, usiku au kesho yake, jiulize ilianzia wapi. Kwangu ilikuwa karibu kila mara ni jioni, njaa ikiwa inaniuma na sijala tangu asubuhi. Nilipoanza kula kwanza mimi, saa kumi na moja, kabla ya kumlisha, ugomvi wetu ulipungua kwa kiasi nilichoona haya kukikiri.

Na kama umeshampiga, umemfunga, umemnyima maji kwa hasira au umempa dawa ya usingizi ili tu anyamaze, mwambie mtu leo. Muuguzi, daktari, mtu wa ustawi wa jamii, ndugu mwenye busara. Ulipofika huko, kupumzishwa si hiari tena. Zamu lazima ibadilishwe, kwa usalama wake na wako.

Kuna siku natamani afe, haya yaishe. Siwezi kumwambia mtu.

Umeniambia mimi, na nilishaambiwa na wengi kabla yako. Nilikuwa na wazo hilo pia. Alfajiri moja nilisimama mlangoni nikisikiliza kama anapumua, na niliposikia pumzi yake kitu ndani yangu kilishuka, na hakikuwa furaha.

Ukiichambua fikra hiyo utakuta imebeba vitu viwili. Kuna kutaka mateso yake yaishe, na kuna kutaka yako yaishe. Hakuna hata kimoja kinachomaanisha humpendi. Ni mtu aliyembeba mwenzake mgongoni kupanda mlima, anatamani kilele kifike. Fikra ikija na kupita, iache ipite. Ila ikianza kuja na mpango wa jinsi ya kufanya, au ikakugeukia wewe mwenyewe, soma swali lililo karibu na mwisho wa ukurasa huu sasa hivi, usingoje kufika huko kwa zamu.

Mapumziko yenyewe ni yapi hasa? Naambiwa tu "upumzike".

Ndiyo, na anayekwambia huondoka bila kusema nani atabaki na mgonjwa. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi.

Kwa vitendo, mapumziko ni mtu mwingine kushika zamu yako kwa muda unaojulikana. Anaweza kuja nyumbani saa mbili tatu. Mgonjwa anaweza kwenda kituo cha kutwa asubuhi na kurudi jioni. Au akalala mahali pengine, kwa ndugu, hospitalini au kwenye nyumba ya matunzo, siku chache hadi wiki kadhaa. Nchi nyingine zimeliweka jambo hili kwenye sheria: Ujerumani tangu 1995 na Japani tangu 2000 zina bima ya matunzo ya muda mrefu ambayo, pamoja na mengine, hugharimia mgonjwa kukaa kituoni kwa muda mfupi ili aliye nyumbani avute pumzi. Pengine ulipo hakuna kitu kama hicho, na ndugu, majirani na watu wa ibada ndio bima uliyo nayo.

Kama ni lazima nichague, nachagua saa tatu kila wiki, siku ile ile, kuliko wiki nzima mara moja kwa mwaka. Wiki nzima ni nzuri, lakini nusu yake huishia kwenye wasiwasi na nusu kwenye usingizi. Saa tatu za kila Jumamosi zinakubeba kuanzia Jumatano, kwa sababu unaziona zinakuja.

Ndugu zangu husema "ukihitaji chochote sema", kisha siwaoni tena. Nifanyeje?

Wengi wao hawajui kilichomo ndani ya hiyo "chochote". Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Wanapokuja kusalimia, mgonjwa ameshaogeshwa, shuka ni safi, wewe umevaa vizuri na unatabasamu. Wanaondoka wakisema mambo si mabaya sana.

Nilichofanya mimi, baada ya miaka miwili ya kununa kimyakimya, ni kuandika kila ninachokifanya kwa siku moja, kuanzia saa tisa usiku ninapomgeuza. Ilitoka mistari arobaini na moja. Nilipowaita ndugu zangu sikuhutubia. Niliweka karatasi mezani nikaenda kuchukua maji. Kaka yangu alisoma yote, kisha akauliza, "Hii ya saa tisa usiku anafanya nani?" Dada akamjibu kabla yangu. Mkutano ulianzia hapo.

Kisha omba kwa siku na saa. Usiseme "mnisaidie". Sema, "Kaka, Jumamosi saa nane mchana hadi saa kumi na moja uje ukae naye. Atakuwa ameshakula na kumeza dawa, kazi yako ni kumgeuza mara moja na kumsikiliza." Mtu akipewa kazi yenye mwanzo na mwisho huogopa kidogo. Akikataa, muulize angeweza nini badala yake. Wapo wasioweza kabisa kumsafisha mzazi, haya zinawazidi, lakini wanaweza kufua au kukaa foleni ya dawa. Chukua hicho. Na yupo ambaye hatafanya lolote, hata umwandikie mistari mia. Huyo mwache. Nguvu za kumkasirikia utazihitaji kwingine.

Vikao vya namna hii vinasaidia kuliko vinavyoonekana. Mary Mittelman na wenzake mjini New York waliwapa wenzi wa wagonjwa wa Alzheimer, ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu, ushauri wa mmoja mmoja na wa familia nzima, vikundi vya kusaidiana, na mtu wa kumpigia simu wakati wowote. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2006, ya wenzi 406, yalionyesha kwamba wagonjwa wao walikaa nyumbani siku 557 zaidi, kwa makadirio ya kati, kabla ya kupelekwa nyumba ya matunzo. Karibu mwaka mmoja na nusu, kwa mazungumzo tu.

Mimi ndiye ndugu aliye mbali. Naweza nini?

Mengi. Tuma fedha za kumlipa wa kupokea zamu, na uzitaje kuwa ni za hivyo, zisije zikaishia kwenye sabuni. Shughulikia makaratasi, bima, miadi ya hospitali. Piga simu na uulize "wewe umelalaje?" kabla ya kuuliza mgonjwa yukoje. Ukija likizo, usije na ushauri. Mpokee mwenzio, umtoe nyumbani siku mbili, halafu ndipo useme unayoyaona.

Mgonjwa hataki mtu mwingine yeyote. Akiona mgeni anageukia ukuta.

Mama alifanya hivyo wiki nzima. Binti tuliyempata wa kunipokea alikuwa mpole, anajua kazi, na mama hakumjibu hata salamu.

Tukaanza upya. Siku za mwanzo alikuja kama mgeni wangu, tukakaa watatu. Mara ya tatu nikatoka kuanika nguo, nikarudi baada ya dakika kumi. Siku nyingine nusu saa. Kilichofungua mlango ni gauni. Mama alikuwa fundi cherehani kabla ya kuugua, na siku moja binti yule alikuja na gauni lake lililopinda kwenye bega akamwomba amwonyeshe pa kufumua. Mama hakuweza kushika sindano tena, lakini kidole cha mkono wa kushoto kilitembea juu ya mshono, kikasimama, kikagonga mara mbili. Tangu siku ile alikuwa na mwanafunzi, hakuwa tena na mtu wa kumwogesha.

Kwa hiyo tafuta kitu ambacho mgonjwa bado anaweza kumpa huyo mgeni. Usiage kwa uongo wala kutoroka. Akigundua, mara ya pili itakuwa ngumu zaidi. Sema unakwenda na utarudi saa ngapi, kisha rudi saa hiyo. Mwenye kupoteza kumbukumbu huenda asiishike saa, ila huihisi sauti yako kama ina hofu.

Na ukweli mmoja mchungu: wakati mwingine anayekataa ni wewe. Unaona hakuna atakayemlisha kama unavyomlisha. Ni kweli, hatamlisha hivyo. Atamlisha vinginevyo, shati litachafuka, na mgonjwa ataishi.

Nitamwachia mwenzangu maelezo gani?

Nunua daftari la kawaida, lifungwe kamba karibu na kitanda. Ukurasa wa kwanza uwe na namba za simu, majina ya dawa na saa zake, vitu vinavyomdhuru. Kurasa zinazofuata ziandikwe kila zamu: amekula nini, amekunywa kiasi gani, choo, usingizi, ngozi ya mgongo na visigino. Ngozi ikibaki nyekundu hata baada ya kumgeuza, iandikwe na muuguzi aambiwe, maana vidonda vya kitandani huanza hivyo.

Lakini yatakayomsaidia zaidi mwenzio ni yale unayoyajua bila kujua kwamba unayajua. Haya yalikuwa kwenye la kwetu:

"Maji: akiwa ameketi wima, kijiko kwa kijiko. Asilazwe mpaka nusu saa ipite. Akisema 'funga mlango' anataka choo. Akishika mkono wako kwa nguvu si hasira, anaogopa kuanguka. Redio iwe chini, isizimwe. Usimsemeshe kutoka upande wa kulia, hakuoni."

Hiyo ya mlango ilinichukua miezi mitatu kuielewa. Kaka yangu aliijua siku ya kwanza.

Nikipewa nafasi naishia kufua na kulipa bili. Haya ni mapumziko?

Kidogo. Kazi zikipungua unapata ahueni, ila usizihesabu zote kuwa pumziko. Gawa: saa ya kwanza ya shughuli ukipenda, zinazobaki za kwako. Usilale tu kila mara, ingawa mwanzoni huenda ukahitaji kulala na si kingine. Mara yangu ya kwanza kupokelewa nilikaa kwenye benchi nje ya jengo, hatua mia mbili kutoka nyumbani, nikitazama simu saa mbili nzima. Haikuita. Nilirudi nimechoka zaidi. Mara ya tano ndipo nilipoacha kuitazama.

Usiku hatulali. Anaamka, anatembea, anataka kutoka nje.

Kwa wenye kupoteza kumbukumbu, fadhaa ya jioni na usiku ni kitu kinachofahamika sana. Husaidia kumpa mwanga wa kutosha na shughuli mchana, kupunguza usingizi wa alasiri, kuwasha taa kabla giza halijaingia, na kuacha taa ndogo njia ya kwenda chooni. Kama hali imeanza ghafla, ndani ya siku moja mbili, mpeleke akapimwe. Maambukizi ya njia ya mkojo, maumivu, kukosa choo au dawa mpya vinaweza kumchanganya mgonjwa hivyo.

Kwa upande wako, usiku ndio zamu ya kwanza kuiombea mtu. Hata usiku mmoja kwa wiki ambao si wewe unayesikiliza. Ulale chumba kingine, mlango umefungwa. Ukilala mlango wazi bado uko zamu.

Mgongo unaniuma.

Bila shaka. Omba muuguzi au mtaalamu wa viungo akufundishe kumgeuza na kumhamisha: magoti yamekunjwa, mgonjwa karibu na kifua chako, hakuna kujipinda kiuno. Shuka la kumtelezeshea linaokoa migongo. Mzito akianza kuanguka, mwelekeze chini taratibu, usimdake.

Yuko hai lakini si yeye tena. Kwa nini nalia kama niliyefiwa?

Kwa sababu umefiwa, kwa namna fulani, ila hakuna mazishi. Pauline Boss, mtaalamu wa familia wa Marekani, alianza miaka ya 1970 kuchunguza familia za askari waliopotea vitani, watu wasiojua wahesabu mtu wao yu hai au amekufa. Baadaye akaona huzuni hiyo hiyo kwa wenye wagonjwa waliopoteza kumbukumbu: mwili upo, mtu hayupo. Huzuni ya namna hii haina tarehe, watu hawaji kukupa pole, na wewe mwenyewe unaona haya kuomboleza mtu anayepumua.

Kinachosaidia ni kuacha kulazimisha jibu moja. Ni mume wangu, na siye tena. Nimempoteza, na nimemshika mkono. Sema zote mbili. Akikuita kwa jina la dada yake aliyefariki zamani, huna haja ya kumsahihisha kila mara. Unaweza kuitika, mkazungumza habari za dada.

Marafiki wamepotea. Vikundi vya wanaouguza vinafaa?

Vinafaa sana kwa wengine, na kwa wengine havifai kabisa. Ukitoka umebeba huzuni za watu kumi juu ya yako, kihame.

Historia ya vikundi hivi napenda kuikumbuka. Mwaka 1963 Mary Webster, Mwingereza aliyekuwa ameacha kazi ili kuwatunza wazazi wake, aliandika magazetini juu ya hali yake. Akapata barua nyingi za wanawake waliokuwa katika hali hiyo hiyo, kila mmoja ndani ya nyumba yake. Mwaka 1965 wakaunda chama. Yaani kila mmoja alikuwa amedhani ni yeye tu.

Kama huwezi kutoka nyumbani, kikundi cha simu kinatosha, hata cha watu wanne. Weka sharti moja: asiyeuguza asije kutoa mawaidha. Kwa wanaowatunza wenye kupoteza kumbukumbu, Shirika la Afya Duniani lilitoa mwaka 2019 mafunzo yaitwayo iSupport, unayoweza kujisomea kwa mwendo wako.

Ninayemtunza ni mtoto wangu mwenye ulemavu mkubwa. Kwangu hakuna "itakwisha lini".

Hesabu yako ni nyingine, nakubali. Anayeuguza mzazi hujibana akijua kuna mwisho; wewe unahitaji mwendo unaoweza kuutembea miaka thelathini. Ndiyo maana wazo la nyumba za kuwapumzisha wazazi wa watoto wagonjwa lilikuja na msimamo wake. Mwaka 1982, mjini Oxford, Uingereza, mtawa Frances Dominica alifungua Helen House, ya kwanza ya aina yake duniani. Familia huweza kumleta mtoto kwa siku chache, ikarudi nyumbani naye, ikaja tena baadaye.

Mzoeshe mwanao watu wengine angali mdogo, hata kama leo unamudu. Na watoto wako wengine wape muda ambao ni wao tu, wenye jina lao.

Mwanangu wa miaka 12 ndiye msaidizi wangu mkubwa. Ni sawa?

Kusaidia ni sawa. Kuwa zamu si sawa. Akianza kukosa shule, kuamka usiku, kumsafisha mgonjwa sehemu za siri au kushika dawa, amebeba kazi ya mtu mzima. Mwambie mwalimu wake hali ya nyumbani ilivyo.

Nimwambie mwajiri?

Mara nyingi ndiyo, na uende na ombi mahususi: kuanza saa moja baadaye, kufanya kazi nyumbani siku fulani, likizo bila malipo ya muda fulani. Usiache kazi katika wiki mbaya. Kazini ni mahali ambapo unaitwa kwa jina lako, na wengine walioacha waliniambia walilikumbuka hilo kuliko mshahara.

Kumpeleka kwenye nyumba ya matunzo ni kumtupa?

Kumtupa ni kumwacha pasipo mtu. Kama anahitaji watu wawili kumnyanyua na wewe uko mmoja, kama anatoka nje usiku, kama wewe mwenyewe umelazwa, basi anahitaji zaidi ya unachoweza kumpa. Kutazame kwanza: nenda wakati wa kula, bila miadi, uone wanavyowalisha wasioweza kujilisha. Sikiliza kengele inaita muda gani kabla mtu hajaja.

Hatia itakuja tu, hata ukichagua vizuri. Ahadi ya "sitakupeleka kokote" uliitoa kwa mtu aliyekuwa mzima, ukiwa na nguvu zako zote. Akiwa huko unaweza kurudi kuwa mtoto wake. Unakaa, mnashikana mikono, mwingine anabadilisha shuka.

Ni wakati gani nitafute msaada haraka?

Ukiwaza kujiua, au kumwua na kujiua. Ukianza kunywa pombe au dawa za usingizi ili uweze kumaliza siku. Ukikaa wiki mbili au zaidi bila kufurahia chochote, hulali au unalala mno, huna hamu ya kula, unajiona huna thamani. Hiyo yaweza kuwa sonona, na sonona inatibika, kwa mazungumzo na mtaalamu, kwa dawa au kwa vyote viwili. Yakiwa ni mawazo ya kufa, usibaki peke yako usiku huu. Piga simu ya dharura ya ulipo au nenda hospitali iliyo karibu, kama huwezi kumwacha mgonjwa, mwite mtu aje hapo hapo, useme maneno yenyewe: "Nafikiria kujiua." Usiseme "sijisikii vizuri", watakuletea dawa ya kichwa.

Amefariki. Kila mtu ananiambia sasa nipumzike, na sijui mikono yangu niiweke wapi.

Niliendelea kuamka saa tisa usiku kwa miezi. Nilikaa kitandani, mikono imeshajiandaa kumgeuza mtu. Unafuu ulikuja kabla ya machozi, na ule unafuu ulinitia haya kuliko chochote nilichofanya miaka sita ile.

Usivigawe vitu vyake wiki ya kwanza, isipokuwa dawa, hizo zirudishwe duka la dawa au hospitali. Mwite aliyekuwa akikupokea zamu mkae. Mbali na wewe, huyo ndiye anayejua "funga mlango" ilikuwa na maana gani. Usijipe kazi mpya ya kuuguza mtu mwingine mapema, utaombwa, maana sasa unajua. Na nenda ukapimwe kila ulichokiahirisha. Mimi nilianza na jino lililokuwa linanisumbua tangu mwaka wa tatu. Daktari wa meno aliuliza nilikuwa wapi siku zote hizo, na hapo ndipo nilipolia, nimefungua mdomo, taa usoni, naye akidhani ni sindano.